Michezo ya maji kwa watoto wadogo hapa Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota langoni. Wazazi huyauliza asubuhi wakileta watoto, mguu mmoja ndani na mwingine nje, matatu inawapigia honi, na jioni huyauliza tena kwa ujumbe wa simu. Nalea watoto wa kutwa nyumbani kwangu Umoja, wa mwaka mmoja hadi mitano, mahali ambapo mfereji hutoa maji siku za mgao na siku nyingine tunanunua kwa mtungi. Kwa hiyo haya ni majibu ya mtu anayehesabu maji, na anayehesabu watoto zaidi ya maji.

Video za mtandaoni zinasema michezo ya maji ni ya Juni, Julai na Agosti. Tufuate hivyo?

Msifuate. Hiyo ni miezi ya joto ya Ulaya na Marekani. Kwetu Julai ni mwezi wa sweta, mawingu yanakaa hadi mchana na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Kiangazi chetu ni Januari hadi katikati ya Machi, kabla masika hayajaanza, na mchana wa Februari hufika nyuzi 26 au 27. Likizo ya Novemba na Desemba huangukia mvua za vuli, lakini kati ya mvua moja na nyingine kuna siku nzuri za kutosha.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali lakini kivuli chetu ni baridi, na maji yaliyolala kwenye tangi huamka baridi kama ya friji. Mtoto aliyelowa akihamia kivulini hutetemeka hata Februari. Dada yangu aliye Mombasa hunicheka nikimweleza haya. Kwao mtoto hutiwa kwenye beseni saa yoyote na hakuna anayeuliza. Mimi huanza saa tatu na nusu asubuhi na kumaliza saa nne na nusu, au hungoja hadi saa kumi jioni jua likiwa bado lipo. Maji huyatoa nje mapema, kwenye beseni lililofunikwa na kuwekwa juu ya meza, yapate joto la bure.

Tunaishi ghorofa ya nne, hakuna uwanja, na keateka, msimamizi wa ploti, hataki kusikia neno maji. Itawezekana?

Itawezekana, na hapa ndipo watu hukosea hesabu. Wanafikiri mchezo wa maji unataka mpira wa kumwagilia na nyasi. Beseni la upana wa sentimita 50 likiwa na maji ya kina cha sentimita 5 halifiki lita 10. Hiyo ni nusu ya mtungi mmoja, na watoto watatu wanacheza nusu saa.

Chezeni bafuni au pale pa kufulia, penye tundu la kutoa maji. Kama ni sebuleni, tandika gunia au shuka kuukuu chini ya beseni, kwa sababu taili zenye maji na sabuni humwangusha hata mtu mzima. Waya za umeme ziondolewe kabisa, hilo halina mjadala. Balkoni siipendi. Mtoto akipanda juu ya beseni lililopinduliwa, ukuta wa balkoni umekuwa mfupi.

Na keateka ana hoja yake. Maji ya Nairobi mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kati ya Ndakaini na tangi la ploti yenu kuna mambo mengi. Mwambie utatumia nusu mtungi na kwamba maji hayo yataishia chooni badala ya maji safi ya tangi. Wangu alilegea aliposikia hivyo. Sasa yeye ndiye hutuletea chupa tupu.

Maji gani yanafaa? Ya mfereji, ya kisima au ya lori?

Chukulia kwamba atayanywa, kwa sababu atayanywa. Hata ukimwambia mara kumi, kikombe kikishajaa mkononi mwa mtoto wa miaka miwili kinaelekea mdomoni. Kwa hiyo mpe maji ya kunywa kwanza, ashibe, halafu tumia maji safi kwa mchezo.

Maji ya mfereji yaliyohifadhiwa kwenye mtungi safi wenye kifuniko yanatosha. Maji ya lori au ya tangi ambalo halijaoshwa siku nyingi, yatie dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha subiri dakika 30. Usitie dawa ya kung'arishia nguo kwa kukisia. Mji huu umeshapitia milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, si jambo la kuchezea.

Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi. Kuyachezea hakuna neno. Kumfanya mtoto mdogo ayanywe kila siku ndiko kunakoharibu rangi ya meno yanayoota.

Maji yabadilishwe kila siku. Yaliyoachwa hadi kesho yana mkojo, makombo ya biskuti na mengine nisiyotaja.

Mbona nilipie mtoto akaniharibie maji? Anajifunza nini hapo?

Baba mmoja aliniuliza hivi, na sikumkasirikia. Nilimwalika akae dakika kumi.

Nilichukua vikombe viwili vya chai vya saizi moja, nikavijaza sawasawa mbele ya mvulana wa miaka minne. Akakubali vimelingana. Kimoja nikakimimina kwenye glasi ndefu nyembamba, kingine kwenye bakuli pana.

"Wapi kuna maji mengi?"

Akaonyesha glasi bila kusita.

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu yako juu, anti."

Nikayarudisha vikombeni. Yako sawa? Yako sawa. Nikamimina tena, akaonyesha glasi tena, safari hii akinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyeelewa.

Mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilieleza jambo hili karne iliyopita: watoto wengi hadi miaka sita au saba hufuata kimo cha maji wala hawaoni upana. Ndiyo maana kitinda mimba wenu hulia akimiminiwa soda kwenye kikombe kifupi kipana wakati kaka yake ana glasi, hata kama mmegawa kwa haki. Hakuna maneno yatakayomshawishi. Atamimina mwenyewe mara mia mbili, kisha siku moja atakuambia "ni yale yale" kana kwamba alijua tangu zamani. Kumimina huko ndiko kunakoitwa kupoteza maji.

Yapo na mengine. Anayekamua sifongo leo anaimarisha vidole vitakavyoshika penseli PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Wanaogombea kopo moja wanajifunza zamu kwa njia ngumu. Na maneno: imejaa, imefurika, inavuja, inadondoka, imezama, imeelea, shwari, mapovu. Mtoto wa Nairobi anayekua na Kiswahili cha katuni hayapati maneno haya kwa wingi mahali pengine, na mimi huyasema kwa sauti kila anapomimina.

Nipe michezo yenyewe, isiyohitaji kununua kitu.

Anza na makopo. Kopo la mafuta ya kupikia, chupa ya nusu lita, kikombe, chujio la chai, kijiko cha upawa. Toboa matundu chini ya kopo moja kwa msumari, uyapondeponde makali yake yasikate, na una mvua. Kata chupa ya maji katikati, geuza nusu ya juu, una faneli. Nikiwapa hivi vitano na kunyamaza, dakika ishirini za kwanza sihitajiki.

Kuzama na kuelea ndio mchezo wangu wa kwanza kwa wa miaka mitatu kwenda juu. Vitu hutoka jikoni: kiazi, ndizi, kijiko, kizibo, kandambili, chungwa. Kabla ya kukitia majini kila kitu, kila mtoto aseme atakavyoona. Kiazi huzama, ndizi huelea, na hapo hakuna ubishi. Chungwa likiwa na ganda huelea vizuri tu. Limenye mbele yao, ulirudishe: linazama. Nimefanya hivi miaka yote na bado kuna anayepiga kelele. Ganda lina vishimo vidogo vilivyojaa hewa, linafanya kazi ya boya. Wenyewe huniambia "limevuliwa sweta." Halafu tunalila.

Yai bichi nalo huzama kwenye maji matupu na kuelea ukikoroga chumvi nyingi, kama vijiko sita vya chakula kwa nusu lita. Hili lifanywe na mkubwa, na maji yale yamwagwe papo hapo, maana maji ya chumvi kiasi hicho si ya kufika kinywani mwa mtoto.

Kupaka rangi kwa maji ni kwa siku za mgao mkali. Mpe brashi kuukuu ya rangi na kikombe kimoja cha maji, mwonyeshe ukuta wa nje au sakafu ya saruji inayopigwa na jua. Anachora mama, anachora gari, anageuka kuchovya, akirudi mama amekauka. Wa miaka mitatu hushangaa. Wa miaka mitano huanza kushindana na jua: nani atamaliza mchoro kabla mguu wa kwanza haujafutika. Kikombe kimoja, asubuhi nzima.

Kufua. Ndiyo, kufua. Soksi zao wenyewe, karai dogo, kipande cha sabuni, kisha kuanika kwenye kamba iliyofungwa usawa wa kifua chao kwa muda huo tu, halafu inafunguliwa. Kamba iliyoachwa chini hivyo ni hatari ya shingo. Soksi hazitakati, msidanganyike. Mtazifua tena usiku.

Mapovu ni ya wakubwa kidogo. Kikombe cha maji, vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji, kijiko kidogo cha sukari ili povu lishike, na waya uliokunjwa duara. Wapulizie wewe, wa miaka miwili huvuta badala ya kupuliza.

Baluni za maji je?

Hapana kwa hawa wadogo. Kipande cha baluni iliyopasuka kikiingia kooni huziba kama kifuniko na ni kigumu kukitoa. Sisi tulikuwa tukirushiana maji kwenye mifuko ya nailoni. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na katika hili sisikitiki. Wape sifongo iliyolowa warushiane. Iwe kubwa isiyoingia mdomoni, na ikianza kumeguka itupwe.

Wangu ana miezi minane. Naye aje?

Akishakaa mwenyewe bila kuegemezwa, sawa, ila kwa mkono wako. Maji ya kufunika sakafu ya beseni tu, uvuguvugu uliopimwa kwa kiwiko chako, dakika tano hadi kumi, na mkono mmoja umguse muda wote. Kabla ya hapo, kuoga kwake kila siku ndio mchezo wake wa maji.

Wa mwaka mmoja hadi miwili hucheza wakiwa wamesimama nje ya beseni. Siwatii ndani.

Nimweke nani awaangalie? Dada wa kazi anatosha?

Anatosha kama kazi yake kwa nusu saa hiyo ni kuangalia tu. Hatoshi kama anaangalia huku anachambua sukuma wiki. Na wewe mzazi mwenye simu mkononi pia hutoshi, nisamehe.

Nisikilize hapa, hata ukiyaruka mengine. Maji ya sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, mradi yafunike pua na mdomo. Na mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama kwenye sinema. Hewa ya kupigia kelele hana. Kinachosikika ni kimya. Dakika chache zinatosha kuua. Duniani kote wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokufa maji zaidi ya watoto wengine.

Ndoo ya lita 20 naiogopa kuliko beseni. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni kizito kulinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo akapitiliza, miguu inaelea hewani, mikono haina pa kusukuma, na ndoo yenye maji haipinduki.

Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza mchezo, nikawavalisha wote, nikajisifu moyoni kwamba mambo yamekwenda salama. Ndoo ya kupigia deki ilikuwa nyuma ya mlango wa choo, maji nusu. Nikasikia kimya cha ajabu. Nilimkuta msichana wa mwaka na miezi minne ameinama juu ya ile ndoo akifuata kitambaa, tumbo liko ukingoni, visigino vimeshainuka, vidole vya miguu ndivyo tu vinagusa sakafu. Nilimshika kiunoni. Hakulia, alikasirika kwamba nimemnyang'anya kitambaa. Mimi nilikaa chini palepale na sikuweza kusimama kwa muda.

Tangu siku hiyo wakati wa mchezo haunitishi sana, kwa kuwa macho yako pale. Naogopa maji yanayosahaulika baadaye: ndoo ya deki, pipa la akiba lisilo na kifuniko, beseni la nguo zilizolowekwa, tangi la chini lenye mfuniko wa bati. Nairobi ya mgao ni Nairobi ya maji yaliyowekwa kila pembe. Pipa lifungwe kwa kifuniko kinachokaza, si ubao uliolazwa juu. Mlango wa bafu uwe na komeo la juu.

Kwangu mtu mzima mmoja huangalia watoto watatu, wanne wakiwa wakubwa. Anayeangalia hukaa kwenye kigoda, si kwenye kiti, kwa sababu kigodani mikono inafika. Akitaka kwenda langoni husema kwa sauti "nakuachia," na hatoki mpaka mwenzake ajibu "nimeshika." Wakati hakuna mwenzake, watoto wote hutoka majini kwanza, mgeni angoje.

Ikitokea ameingiza maji, nifanye nini?

Kwanza usichofanya: usimning'inize kichwa chini, usimminye tumbo ili maji yatoke. Watu wengi mtaani hufanya hivyo na wanapoteza sekunde ambazo mtoto hana.

Mtoe majini, mlaze chali mahali pagumu, piga kelele mtu apige 999 au 112. Kama hapumui, inua kidevu chake taratibu, umpulizie pumzi, ukiona kifua kinainuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi mbili, mara 30 tena, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Mtoto mchanga hubonyezwa kwa vidole gumba viwili, viganja vikiwa vimemzunguka kifua, mkubwa kidogo kwa kiganja kimoja. Kusoma hapa hakutoshi. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku moja, mpeleke na dada wa kazi.

Aliyezinduka akaonekana mzima apelekwe hospitali vilevile. Hata aliyepaliwa maji tu, akiendelea kukohoa, kupumua kwa shida, kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida, usingoje asubuhi.

Shosho wake, yaani nyanya yake, anasema maji yatamletea nimonia.

Shosho huyu yuko kila nyumba, na namheshimu. Nimonia huletwa na viini, yaani virusi na bakteria. Maji yenyewe hayaileti. Lakini shosho hajakosea kabisa: mtoto mdogo hupoteza joto upesi, na aliyelowa kwenye upepo wa Nairobi anaumia kwa baridi. Kwa hiyo tauli na nguo kavu ziwe pale kabla maji hayajamiminwa. Midomo ikianza kubadilika rangi, au taya zikigongana, mchezo umeisha. Akauke, avae hadi soksi, apewe uji wa moto.

Mwenye mafua mepesi anaweza kucheza kwa mikono tu, mikono ya nguo imekunjwa. Mwenye homa akae kando. Mwenye kuharisha asishiriki beseni na wenzake mpaka apone kabisa.

Nikimwambia shosho "tutampa uji wa moto akitoka," mara nyingi mjadala huisha hapo.

Na jua? Ngozi yetu nyeusi si inatosha?

Ngozi nyeusi hujikinga zaidi, haijikingi kabisa. Tuko karibu na ikweta na juu sana, mionzi inashuka moja kwa moja na mawingu hayaizuii yote. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni tafuteni kivuli, au funga leso kwenye nguzo mbili. Kofia yenye ukingo. Mtoto mwenye ualbino acheze kivulini tu, mikono na miguu imefunikwa, kofia pana, mafuta ya kukinga jua yapakwe kwa kufuata maelekezo na yarudiwe baada ya maji.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau: mpira wa maji ulioachwa juani. Maji yaliyolala ndani yake huwa moto wa kuunguza. Yamwage ya kwanza chini, pima kwa mkono wako, ndipo umpe mtoto.

Tununue kile kidimbwi cha kujaza hewa?

Mkiwa na ua na maji ya uhakika, nunueni. Mimi sinunui. Kinakula mitungi mingi, hakuna anayetaka kukimwaga jioni, kesho kinakuwa uchafu na baada ya wiki kinakuwa shamba la mbu. Beseni humwagwa kwa mkono mmoja.

Wanasesere wa kurusha maji wenye tundu moja dogo nao huficha ukungu mweusi tumboni. Mkate mmoja katikati uone.

Tuwapeleke bwawa la kuogelea?

Wapelekeni, yako ya umma, ya hoteli na ya vilabu. Mtoto afundishwe kuogelea mapema iwezekanavyo, ila kujua kuogelea hakumwondolei uangalizi. Kabla ya kulipa, simama ukingoni uangalie. Sakafu ya bwawa unaiona wazi? Sehemu ya watoto imetengwa kwa uzio au ni kamba tu? Mwokoaji yupo, na anaangalia maji au anaongea na rafiki? Tia mkono: mabwawa mengi hapa hayapashwi moto, na wa miaka mitatu atadumu dakika kumi. Maboya ya mikononi huchomoka na kupasuka. Ni ya kuchezea, hayaokoi. Ingia majini naye. Bwawa la Kasarani, lililojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, ni la waogeleaji wa mita 50, si la mwenye nepi.

Mito ya mjini msiikaribie. Maporomoko ya Karura ni ya kutazama na kupiga picha, yanapendeza sana, mtoto akiwa ameshikwa mkono.

Mvua ikinyesha, wacheze kwenye madimbwi?

Dimbwi la ndani ya ua wenu, mvua imekatika, gambuti miguuni: raha tupu, hata mimi huruka. Dimbwi la barabarani, hapana. Hujui kama chini kuna shimo lililoibwa mfuniko, na maji taka hupanda pamoja na ya mvua. Waliokuwa Mathare mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa maji ya mtaani yanavyoweza kubadilika kwa saa moja. Radi ikisikika, wote ndani.

Wangu anaogopa maji, hata kuoga ni vita.

Mara nyingi haogopi maji; anaogopa kumwagiwa kichwani bila kuambiwa. Mpe kikombe, amwagie mwanasesere kichwani, kisha akumwagie wewe. Usimtie kwa nguvu, na usiruhusu binamu zake wamcheke. Nilikuwa na mmoja aliyekaa wiki tatu akitazama kutoka mlangoni. Wiki ya nne aliomba sifongo.

Anakataa kutoka. Analia mpaka majirani wanatokeza madirishani.

Usimwambie "basi." Mwambie kuna kazi. Kwetu kila mtoto huchota kopo moja la mwisho na kulibeba hadi kwenye gunia la sukuma wiki kando ya lango. Maji ya sabuni huenda chooni, yale matupu huenda kwenye mboga. Wanatembea kwa mstari, wanamwaga nusu njiani, wanagombana nani atamwagilia mche wake. Wa mwisho akimaliza, nageuza beseni kifudifudi, na wa miaka miwili hulipigapiga kama ngoma mpaka uji ufike.